Daftari la pweza na ada ya chuo

Mama yangu anauza pweza Somanga, wilaya ya Kilwa. Tangu nikiwa darasa la tatu kazi yangu ilikuwa kumwandikia daftari lake: tarehe, kilo, bei, na jina la mchuuzi aliyechukua kwa mkopo. Kusoma anasoma vizuri, ila anasema mkono wake umezoea kijiti cha kuchokolea na kalamu inamchosha. Kwenye daftari hilo, nyuma ya ukurasa wa madeni, ndiko tulikopiga hesabu ya mimi kwenda chuo.

Ilikuwa 2011. Nilimaliza kidato cha sita mchepuo wa CBG na matokeo yakaja: Biolojia D, Jiografia D, Kemia S, alama ya mwisho kabisa kabla ya kufeli. Daraja la tatu, pointi 14. Nilikuwa nimeshaamua kusomea mambo ya bahari, tena kwa moyo wote. Nimekua nikisikia mshindo wa baruti za kuvulia samaki asubuhi, na jioni naona mwamba umevunjika vipande kama vigae. Nilitaka kuelewa kinachotokea pale chini na nani anaweza kukizuia. Lakini hiyo S ya Kemia ilinifungia mlango wa shahada niliyoitaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Baba mdogo, aliyekuwa Dar, akapiga simu na habari njema. Amepata kipeperushi cha chuo kimoja binafsi, kina shahada ya usimamizi wa rasilimali za maji na bahari, miaka 3, hawaangalii sana matokeo. Jalada lilikuwa na picha ya kasa. Ada ilikuwa shilingi milioni 3 kwa mwaka, kwa awamu mbili. Jina la shahada lilinikaa kichwani wiki nzima. Nikajiona nimeshafika.

Mama akanambia nilete daftari.

Pweza wakati ule kwetu alikuwa anakwenda elfu tatu kwa kilo. Milioni 3 ni kilo elfu moja, tani nzima. Mwambani kwa miguu hauendi kila siku, unakwenda bamvua, maji yanapokupwa sana na miamba kutoka nje. Bamvua ni mbili kwa mwezi, kila moja ina siku tano hivi za kazi. Siku nzuri mama anarudi na kilo nne. Mara kumi, arobaini kwa mwezi. Kwa mwaka, kama haugui, kama kusi halivumi kwa nguvu, kama hatuli hata mkia mmoja, ni kilo 480. Ada ya mwaka mmoja ilikuwa miaka miwili ya mgongo wake kuinama. Hapo bado chumba, bado chakula, bado nauli.

Aliiangalia ile hesabu kimya, kisha akauliza swali ambalo mimi mwenye cheti cha kidato cha sita sikulifikiria: "Hicho chuo kina bahari?"

Nikacheka kidogo. Akarudia. "Nauliza, kina bahari? Kina boti? Kina pahala pa kuingiza mkono ndani ya maji?"

Kesho yake nikapiga namba iliyokuwa kwenye kipeperushi. Aliyepokea aliniambia wanafunzi huenda ziara, na ziara hulipiwa pembeni. Maabara "iko njiani". Boti hakuna. Mwalimu wangu wa Jiografia akanisaidia kukitafuta chuo hicho kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu. Programu ile haikuwemo. Baba mdogo alikasirika, akaona tunadharau juhudi zake, na ilichukua muda tukapatana. Lakini hadi leo, kijana akinijia na jina la shahada, kitu cha kwanza namwambia afungue mwongozo wa TCU, na kama ni cheti au stashahada aangalie orodha ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Kama haimo, hata ada ingekuwa shilingi mia, ni ghali.

Yule mwalimu ndiye aliyenionyesha kwamba maji yana milango mingi. Nitaieleza kama nilivyokuja kuijua, maana vijana wengi wa pwani tunaichanganya.

Kuna Chuo cha Maji pale Ubungo, Dar es Salaam, cha Wizara ya Maji, kilichoanza mwaka 1974. Hapo unasomea maji baridi: mito, visima, mabomba, ubora wa maji, hali ya hewa, umwagiliaji. Kina stashahada na shahada. Kuna FETA, wakala wa elimu na mafunzo ya uvuvi, yenye kampasi Mbegani karibu na Bagamoyo, Nyegezi Mwanza, Mikindani Mtwara, Kibirizi Kigoma na Gabimori kule Rorya. Hapo ni cheti na stashahada: uvuvi, ufugaji wa samaki, uchakataji na udhibiti wa ubora. Kuna SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, kwa ufugaji wa viumbe maji. Halafu kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye skuli yake ya sayansi za majini na kituo Kunduchi, na Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, iliyoanzishwa 1978, ambayo nayo ni ya chuo hicho hicho. Vyote ni vya serikali, na ada zake ziko chini kwa mbali kuliko ile ya kwenye kipeperushi cha kasa.

Nilichagua Mbegani. Niseme ukweli, siku hiyo niliona nimeshuka. Wenzangu walikuwa wanajiandaa kwenda vyuo vikuu, mimi nakwenda "chuo cha uvuvi", na shangazi yangu mmoja alishangaa nimesoma miaka yote hiyo ili nirudi kwenye samaki. Leo nasema ulikuwa uamuzi wa bei nafuu kuliko yote niliyowahi kufanya. Ada ya mwaka haikufika theluthi ya ile ya kipeperushi. Kwa kuwa nilikuwa na kidato cha sita, stashahada ilinichukua miaka miwili. Na bahari ilikuwepo mlangoni. Unatoka darasani unashuka ufukweni, mikoko upande huu, boti upande ule.

Pale nilisuka nyavu hadi vidole vikatoka sugu. Nilifungua injini ya boti nikaifunga tena. Nilijifunza kumpima samaki, kujua amekomaa au bado kwa kumpasua na kuangalia mayai, kumweka kwenye barafu asiharibike. Na kitu kimoja ambacho hakimo kwenye ada: kuogelea. Darasani kwetu wengi waliotoka bara walikuwa hawajui. Kama unataka kusomea bahari na hujui kuogelea, jifunze nyumbani kabla hujaripoti, hata kama ni bwawani au mtoni na mtu mzima akikuangalia. Nimeona wenzangu wakikosa mazoezi ya boti kwa hofu tu, wakabaki kunakili madaftari ya wengine.

Nilimaliza na GPA ya 3.8. Siku hizi kiwango cha chini cha kuombea shahada kwa stashahada ni 3.0, lakini usilenge hapo, maana nafasi zinagombewa. Nikafanya kazi miaka miwili karibu na nyumbani, kazi ya mkataba ya kukusanya takwimu za samaki wanaoteremshwa. Kila siku niko sokoni na mizani na rula. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini mama alipumzika kulipia maisha yangu, nami nikaweka akiba. Mwaka 2016 nikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mlango ule ule ulionifungia mwaka 2011.

Kuna watu huniambia nilipoteza miaka. Hesabu yangu ni nyingine. Ningeenda moja kwa moja kwenye kile chuo binafsi, ningemaliza nikiwa na deni kwa kila mchuuzi wa Somanga na sijawahi kushika usukani wa boti.

Sasa nizungumzie pesa ya chuo kikuu, kwa sababu hapa ndipo ada inapodanganya. Ada yangu haikufika milioni moja na nusu kwa mwaka, na Bodi ya Mikopo ilinilipia sehemu yake, si yote. Bumu, yaani pesa ya chakula na malazi, wakati wetu ilikuwa 8,500 kwa siku. Baadaye ikapanda hadi 10,000. Inakuja kwa mkupuo wa siku 60, yaani kwetu sisi 510,000. Mwenye kuipata mara ya kwanza anajiona tajiri. Ukilipa chumba, ukatuma kidogo nyumbani, ukatoa kopi za notisi, wiki ya sita unaanza kupiga pasi ndefu, mlo mmoja saa tisa mchana unaokupeleka hadi kesho. Muhula wa kwanza nilikosa hosteli, nikabebwa na dada mmoja wa mwaka wa pili, tunalala kitanda kimoja. Namshukuru hadi leo.

Juu ya hayo, masomo yetu yana gharama ambazo anayesomea sheria hazijui. Koti la maabara, gambuti, kofia, tochi ya kichwani kwa kazi za alfajiri wakati wa kupwa. Siku za mazoezi Kunduchi ni daladala ya kwenda na kurudi, na kondakta hamjui mwanafunzi asiye na sare, nauli ni ya mtu mzima. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nayo: posho ipo kwa wenye mkopo, lakini inaweza kuchelewa, na wewe umeshapangiwa kisiwa ambacho boti yake inakwenda kwa maji na si kwa saa. Mwaka wa tatu kuna utafiti wako mwenyewe. Wapo waliotumia zaidi ya laki tano kwa mafuta ya boti peke yake kwa sababu walichagua mada ya miamba ya mbali. Siwalaumu, mada zilikuwa nzuri. Ila hakuna aliyewaambia wazipigie hesabu mapema.

Mimi nilitumia daftari la mama. Msimamizi wangu aliponiuliza nataka kutafiti nini, nikamwambia nina rekodi ya pweza wa mwambao mmoja, mtu mmoja, bamvua kwa bamvua, tangu nikiwa mtoto. Alinitazama kama nimemletea dhahabu. Pweza wa kwetu anakua haraka mno na maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai bila kula hadi yanapoanguliwa, kisha anakufa. Kwa hiyo ukimwahi kabla hajataga umeondoa na kizazi chake, lakini ukimpa nafasi ya miezi michache tu, mwamba unarudi. Hiyo ndiyo sababu vijiji kadhaa vya pwani vimekubali kufunga miamba kwa muda kisha kuifungua. Daftari lilionyesha kilo kwa siku zikishuka mwaka hadi mwaka, na mama, ambaye nilidhani nampa habari mpya, akasema, "Hilo nilijua. Nilikuwa sijui kwamba linahesabika." Gharama ya utafiti wangu ilikuwa nauli ya basi hadi Somanga na kopi.

Kitu kingine kilinipata fildi ya mwaka wa pili. Nilikuja nyumbani na kifaa cha kupimia chumvi, kile kidogo cha mkononi: unadondosha tone moja juu ya kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, unachungulia, unasoma mstari. Maji ya bahari yakatoa 35, sawa na vitabu, gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji. Nikaenda kwenye kisima cha bibi. Tulikuwa tunasema maji yake yana "ukali kidogo". Bibi alisimama pembeni kaziba mdomo na upindo wa kanga, akingoja kama anangoja majibu ya hospitali. Mstari ukakaa kwenye 3.

Nilikuwa nimefundishwa kwamba pwani maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi zaidi, na kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 chini yake. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani bila kufikiri. Pale kisimani ndipo nilipolisikia. Ukivuta maji hadi yashuke mita moja, chumvi inapanda kutoka chini mara 40 ya hiyo. Jirani alikuwa ameweka pampu ya kumwagilia matikiti miaka michache nyuma. Sina uhakika kama ndiyo peke yake iliyoleta ile 3, lakini niliona kwamba bahari na kisima ni somo moja, na kwamba mtu anayetaka kusimamia rasilimali za maji pwani hana budi kuijua lugha ya pande zote mbili.

Ndiyo maana siwachekelei wanaochagua upande wa maji baridi wakiambiwa si "bahari". Rafiki yangu wa sekondari alikwenda Chuo cha Maji mwaka ule ule niliokwenda Mbegani, akasomea haidrojiolojia na uchimbaji wa visima. Alipata kazi mapema kuliko mimi. Sababu si akili. Nchi ina mabonde 9 ya maji yenye bodi zake, mamlaka za maji mijini, na tangu 2019 kuna RUWASA, wakala wa maji vijijini, kila wilaya inahitaji watu. Upande wa bahari nafasi ni chache: wizara na halmashauri, hifadhi za bahari kama Mafia, iliyokuwa ya kwanza mwaka 1995, na Mnazi Bay na Tanga, taasisi za utafiti, na miradi ambayo huisha mfadhili anapofunga mkoba. Kama familia yako inategemea mshahara wako ndani ya mwaka mmoja wa kuhitimu, liangalie hilo kabla ya kuangalia picha ya kasa.

Nami nilijitolea miezi kumi na moja baada ya kuhitimu, bila mshahara, nauli tu. Hiyo nayo ni gharama ya shahada, ingawa haiandikwi kwenye fomu ya kujiunga. Nilikaa kwa baba mdogo, ambaye wakati huo tulikuwa tumeshapatana, na nilikuwa naamka saa kumi alfajiri nimsaidie mke wake kukaanga vitumbua kabla ya kwenda kazini. Ajira ilipokuja, nikaanza kukatwa asilimia 15 ya mshahara kurudisha mkopo. Sikulalamika, pesa niliila. Lakini mshahara wa kwanza uliobaki mkononi ulikuwa tofauti sana na ule uliokuwa kwenye barua, na nilikuwa nimeshamwahidi mama bati.

Mwaka jana mtoto wa dada alikuja na simu yake, kanionyesha tangazo. Chuo kingine, jina refu zuri, picha ya pomboo safari hii. "Mama mdogo, wanapokea hadi Ijumaa." Nikamwambia twende kwa bibi yake.

Mama amezeeka, haendi tena mwambani kila bamvua, lakini daftari lipo, la nne au la tano sasa, jalada limefungwa kwa uzi wa nyavu. Tulikaa barazani. Nilifungua mwongozo kwenye simu, tukatafuta lile jina, hatukuliona. Tukaandika FETA Nyegezi, ufugaji wa samaki, ada, chakula, chumba, nauli ya Somanga hadi Mwanza na kurudi mara mbili kwa mwaka. Nikamweleza kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kutoa mikopo kwa baadhi ya stashahada, kwa hiyo aangalie kama kozi yake imo kabla hatujajumlisha. Mama alifuata kila mstari kwa kidole. Tulipomaliza, akamgeukia mjukuu wake.

"Huko kuna bahari?"

"Kuna ziwa, bibi. Ziwa Victoria. Chuo kiko hapo hapo ufukweni."

Akafikiri kidogo, akiliweka sawa pindo la kanga.

"Ziwa nalo maji," akasema. "Haya, jumlisha."